Gogo Si Kibuyu

Kuku wa Helena walikula kwenye mabakuli mazuri kuliko mabakuli yoyote ya kijiji cha Gendabi. Yalikuwa manne, mapana, ya mti wa mringaringa, yenye rangi ya kahawia na michirizi kama asali. Lakini kila moja lilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi kwenye kitako. Ukitia maji, yanatoka. Ukitia pumba, kuku wanashukuru.

Helena alimwaga pumba. "Kuleni," aliwaambia. "Mnakula kama maharusi."

Mumewe, Abel, alimsikia kutoka kwenye banda la kazi. Hakucheka.

Kazi ya Abel ilikuwa kukereza. Alifunga kipande cha mti kwenye mashine. Mashine ikakizungusha kwa kasi, naye akakichonga kwa patasi ndefu mpaka kikawa na umbo. Mashine hiyo aliiunda mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji. Kwa miaka mitatu alikereza miguu ya viti na michi midogo ya kutwangia vitunguu swaumu. Kazi hizo zilimwendea vizuri. Mabakuli ndiyo yalimshinda.

Na mabakuli haya hayakuwa ya mchezo.

Mwezi wa Januari upepo wa mvua uliangusha mringaringa mkubwa nyumbani kwa jirani yao, Mzee Gidahosh. Mzee Gidahosh ni mfugaji. Kwenye mti huo mke wake alifunga ndama kila asubuhi. Mabinti zao saba walijifunza kukamua wakiwa wameuegemea. Sasa wote saba wameolewa, kila mmoja upande wake. Mdogo wao, Irene, yuko mbali kuliko wote, huko Yaeda Chini, ambako barabara ni mbaya. Miaka minne hajafika nyumbani.

Mzee aliomba kibali kijijini ili mti ule upasuliwe. Kisha akaja kwa Abel.

"Mwezi wa nane, baada ya mavuno, mabinti zangu wote saba watakuja," alisema. "Nataka kila mmoja aondoke na bakuli la mti huu. Mabakuli saba. Mti mwingine wa namna hii sina."

"Nitayatengeneza, mzee," Abel alijibu. "Lakini mti bado mbichi. Niukausheje?"

Mzee Gidahosh alimshangaa. "Kijana, wewe hujawahi kukausha kibuyu? Unakiweka juani kikiwa kizima. Kikikauka, unakitoboa, unakisafisha, unatia maziwa. Miaka ishirini kinakaa."

Nyumbani kwa mzee, kila kitu cha maziwa kilikuwa kibuyu. Vibuyu vyake vilikuwa safi, vyeusi kwa moshi, na hakuna hata kimoja kilichovuja. Kwa hiyo Abel alimsikiliza. Alikata gogo la juu la mti, akaliacha juani wiki tatu. Kisha akakereza mabakuli manne. Yote manne yalipasuka.

Sasa lilibaki gogo moja tu, lile la chini. Urefu wake ulikuwa kama mtu mrefu aliyelala. Nalo lilikuwa juani, siku ya tano.

Asubuhi hiyo alipita Mwalimu Verdiana. Alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwao. Alizaliwa Bukoba, akaletwa na kazi Hanang, kufundisha useremala kwenye chuo cha ufundi. Alikuja kununua mayai.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwalimu. Mayai yapo, ila subiri kuku amalize kujivuna," alisema Helena.

Verdiana hakuangalia mayai. Alikuwa ameinama mbele ya kuku. Alimsukuma jogoo taratibu, akalishika bakuli, akaligeuza.

"Nani amekereza hili?"

"Mume wangu."

"Mkono wake ni mzuri. Amechonga kwa unene sawa pande zote. Hiyo si kazi rahisi." Alipitisha kidole kwenye ufa. "Lakini aliuacha moyo wa mti ndani."

Abel alitoka bandani. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. "Moyo gani, mwalimu?"

"Nionyeshe gogo lililobaki."

Walikwenda wote watatu. Verdiana alipoliona gogo juani, aliweka mfuko wake chini.

"Kwanza tulitoe hapa. Kivulini, sasa hivi. Mengine nitakueleza tukishaliviringisha."

Waliliviringisha mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Walilipandisha juu ya magogo mawili madogo ili lisiguse udongo. Helena alilifunika kwa magunia yaliyolowa maji. Ndipo Verdiana akapiga magoti kwenye ncha ya gogo.

"Tazama hapa katikati. Unaona kidoa hiki kidogo, kama jicho? Hiki ni kiini. Ndio moyo wa mti. Mti hukua ukikizunguka, mwaka baada ya mwaka. Ukikauka, sehemu ya nje husinyaa zaidi kuliko ya ndani. Sasa nje inataka kujikaza, ndani inakataa. Lazima kitu kipasuke."

"Kama shati likifuliwa likabana tumboni," alisema Helena.

"Vifungo vinaruka. Hivyo hivyo."

"Sasa kibuyu mbona hakipasuki?" Abel aliuliza. "Mzee aliniambia nikaushe kama kibuyu."

Verdiana hakucheka. "Mzee hakukudanganya. Kibuyu ni ganda jembamba, ndani ni wazi. Kina nafasi ya kusinyaa. Gogo limejaa, halina nafasi. Kila kitu na ukaushaji wake."

Kisha akawaonyesha nyufa nyembamba, nyembamba kama nywele, zilizokuwa zimeanza kwenye ncha zote mbili za gogo.

"Ndani ya mti kuna mirija midogo, mingi sana, kama ya kunywea soda. Maji hupita humo. Kwenye gome la mti maji hutoka polepole. Kwenye ncha hizi mirija imekatwa, maji yanakimbia. Ncha inakauka kabla ya katikati, inapasuka. Siku ile ile gogo linapokatwa, ziba ncha. Tumia rangi nzito ya mafuta, au nta ya nyuki. Nta mnaipata?"

Abel na Helena walitazamana.

"Kwa Mzee Gidahosh," alisema Helena. "Akitengeneza pombe ya asali, masega anatupa nyuma ya zizi."

*

Mzee Gidahosh aliwasikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Helena alimwamkia, Abel alimwamkia, na Mwalimu Verdiana akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema gogo langu lina moyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Wahaya najua mnajua ndizi. Mti mmeujulia wapi?"

"Migomba ikituangukia, mzee, tunajifunza."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Aliwapa masega yote, ndoo nzima. Lakini hakukubali.

"Nta mtapata. Ila mimi nina miaka sabini na mbili, nimekausha vibuyu kabla mama yako hajaolewa. Jua halijawahi kuniangusha."

"Basi tushindane," alisema Helena. "Tukipasua gogo, tukipata kipande cha ziada, wewe kichukue ukikaushe juani. Abel atakausha vingine kama mwalimu anavyosema."

"Nikishinda?"

"Nitakubebea maji ya ndama wiki nzima."

"Nikishindwa?"

"Utasonga ugali nyumbani kwangu, sisi tukiwa tumekaa."

Mzee alipiga fimbo chini. "Mama, jiandae kubeba maji."

*

Kazi ya kupasua ilichukua siku nne. Verdiana alikuja kila jioni baada ya vipindi.

Kwanza Abel alikata ncha zote mbili, upana wa kiganja, ili kuondoa nyufa. Kila alipokata alichukua kipande chembamba, akakikunja kwa mikono. Kilipovunjika, Verdiana alisema, "Bado kuna ufa usiouona. Kata tena." Kilipopinda bila kuvunjika, alisema, "Hapo sawa."

Kisha waligawa gogo vipande vinne. Mabakuli yalitakiwa kuwa na upana wa sentimita thelathini. Kwa hiyo kila kipande kilikatwa sentimita thelathini na tano.

"Kwa nini tano zaidi?" Abel aliuliza. "Mti wenyewe ni mchache."

"Ncha zikipasuka kidogo, unayo ya kukata. Ukikata sawasawa na kipimo, hata ufa mdogo unakula bakuli lako."

Baada ya hapo kila kipande kilisimamishwa. Verdiana alimpa Abel uzi uliopakwa chaki. Abel aliuvuta juu ya kile kidoa cha katikati, akaupiga, ukaacha mstari mweupe. Alipiga mstari mwingine upana wa vidole viwili upande wa kulia, na mwingine vidole viwili upande wa kushoto.

"Mistari hii ya pembeni ndiyo tunayokata," alisema Verdiana. "Kipande cha katikati chenye moyo kinakwenda jikoni. Nusu mbili zinazobaki ndizo mabakuli."

Msumeno ulikuwa wa watu wawili. Abel alishika upande mmoja. Wa pili aliushika Mzee Gidahosh mwenyewe, kwa sababu alisema mti ni wake na hawezi kuketi kama mgeni.

"Vuta, mzee, usisukume," alisema Abel.

"Sisukumi."

"Unasukuma."

"Huo ni msumeno unasukuma. Mimi navuta."

Vipande vinne vikatoa nusu nane. Wote walihesabu, mara mbili. Saba za mabinti, na moja ya ziada. Mzee alichukua ile ya ziada, akaiweka begani.

"Hii ni ya jua," alisema, akaenda zake.

Zikabaki saba. Hakuna ya akiba tena. Abel alizitazama, akazihesabu tena.

"Usiogope," alisema Verdiana. "Ziba kwanza."

Helena alikamua masega kwenye maji ya moto, akachuja, akaacha maji yapoe. Nta ikaelea juu kama mkate wa njano. Siku ya pili aliiyeyusha kwenye kopo, na kopo akaliweka ndani ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Nta usiiweke motoni moja kwa moja," Verdiana alimwambia. "Inawaka kama petroli."

Abel alichora duara juu ya kila kipande kwa kutumia mfuniko wa sufuria. Alikata pembe kwa msumeno mdogo mpaka kila kipande kikawa karibu mviringo. Kisha alipaka nta ya moto kwa brashi, kwenye zile pande mbili ambako mirija ilikatwa. Pande nyingine aliziacha wazi. Maji lazima yatoke, ila yatoke polepole.

*

Wiki iliyofuata alianza kukereza. Alivaa miwani, akafunga kitambaa puani, akakunja mikono ya shati.

"Safari hii hutamaliza bakuli," alisema Verdiana. "Unalichonga mara ya kwanza likiwa nene, halafu unaliacha likauke. Likishakauka ndipo unalimalizia. Chukua upana wa bakuli, ugawe kwa kumi. Sentimita thelathini kwa kumi?"

"Tatu."

"Basi kuta ziwe sentimita tatu. Mti ukikauka utajipinda, bakuli litakuwa kama yai. Usishtuke. Unene huo ndio utakaokupa nafasi ya kulirudisha kuwa duara."

Mti mbichi ulichongeka vizuri. Maranda marefu yaliruka na kumwangukia Abel kichwani. Mabakuli sita yalitoka sawa, sentimita tatu. La saba lilikuwa kipande cha mwisho. Abel alizima mashine mapema. Aliwaza, nikikosea hapa hakuna lingine. Akaliacha sentimita tano.

Verdiana aliligusa. "Hili ni nene."

"Niliogopa, mwalimu."

"Nakuelewa. Lakini nene sana nalo lina shida yake. Litachelewa kukauka." Alifikiri kidogo. "Liache. Limeshatoka salama. Ila ulitazame zaidi ya mengine."

Walipaka nta tena, wakayafunga kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizokung'utwa vizuri. Waliyapanga kwenye rafu ndani ya banda, mbali na dirisha na mbali na jiko.

"Nitajuaje yamekauka?" Abel aliuliza.

"Kwa mizani. Ya mama ya kupimia maharage inatosha. Pima kila baada ya wiki mbili, andika uzito kwa penseli kwenye kitako. Maji yakitoka, uzito unashuka. Ukiacha kushuka, mti umekauka. Macho yanadanganywa. Mizani haidanganywi."

*

Haikupita wiki tatu. Helena alikuwa anapalilia maharage aliposikia mtu anacheka peke yake njiani. Alikuwa Mzee Gidahosh. Alibeba kipande chake kwa mikono miwili, nusu kila mkono.

"Nilikuwa nimeketi na mke wangu," alisema. "Nikasikia *pa!* Mbwa akakimbia. Mke wangu akasema, huo ugali wako umeshaiva."

Siku hiyo Mzee Gidahosh alisonga ugali. Alivua shuka la begani, akalikunja vizuri. Helena, Abel na Mwalimu Verdiana walikaa kwenye mkeka. Mke wa mzee alikuja pia, kwa sababu alisema jambo hilo hataki kusimuliwa.

"Geuza, mzee, unaungua chini!" alisema Helena.

"Nageuza. Kwani huu mwiko una moyo ndani?"

Ugali ulikuwa na mabonge. Wote walikula, wakamaliza. Mzee alinawa mikono, akamgeukia Abel.

"Nilikupotosha kwa mabakuli manne," alisema. "Nilijua kibuyu, nikadhani najua na mti."

"Na mimi sikuuliza mtu wa pili, mzee."

"Basi tumepotea pamoja."

*

Mwezi wa tatu bakuli la kwanza lilikuwa kilo tatu. Mwezi wa tano, kilo mbili na robo. Mwanzoni mwa mwezi wa saba, kilo mbili. Wiki mbili baadaye, kilo mbili. Wiki mbili tena, kilo mbili kamili.

"Limesimama," alisema Helena, na akapiga kigelegele mbele ya mizani.

Mabakuli sita yalisimama. Hakuna lililopasuka. Yalikuwa yamejipinda kama mayai, kama mwalimu alivyosema. Abel aliyarudisha kwenye mashine moja baada ya jingine. Aliyachonga mpaka yakawa duara, kuta zikawa nyembamba kama kidole cha mtoto. Aliyasugua kwa msasa, akayapaka nta. Helena alitia maji kwenye kila moja, akayaacha mpaka jioni. Hakuna tone lililopita.

La saba lilikuwa bado linashuka. Kila wiki mbili, robo kilo.

Mwezi wa nane, siku moja kabla ya sherehe ya mabinti, sita kati yao walikuwa wameshafika. Irene naye alikuwa njiani kutoka Yaeda Chini. Abel alilifunga bakuli la saba kwenye mashine. Helena alimkuta ameshika patasi, mashine haijawashwa.

"Nikilimaliza leo, kesho litapendeza," alisema Abel. "Atalipokea kama dada zake."

"Na mwezi ujao?"

Abel aliweka patasi chini.

"Mume wangu, mpe Irene bakuli la kupasuka, umempa nini? Nenda kamwambie mzee."

Abel alilifungua kwenye mashine. Alilibeba mpaka kwa Mzee Gidahosh, akamweleza bila kujitetea. Alisema, "Niliogopa, nikaliacha nene. Linahitaji miezi mitatu zaidi."

Mzee alilipima kwa mikono. Alitazama kuelekea Yaeda.

"Niachie mimi," alisema.

Siku ya pili boma lilijaa watu. Mzee aliwaita mabinti kwa umri. Alianza na Angela, mkubwa. Kila mmoja alipokea bakuli lake kwa mikono miwili, na mama yao alitia maziwa ndani, binti akanywa. Mabakuli sita yalipita hivyo. Kisha Irene akasogea. Mzee akampa bakuli nene, lililopinda, lililopakwa nta ovyo, lenye namba za penseli kwenye kitako.

Watu walinong'ona. Irene aligeuza bakuli, akatabasamu kwa adabu.

"Lina uzito, eh?" alisema mzee. "Hayo ni maji. Halijakauka. Fundi anasema mpaka mwezi wa kumi na moja."

"Sawa, baba. Litakaukia nyumbani kwangu."

"Yaeda Chini kuna jua na upepo. Litapasuka. Mimi hilo nimelisikia kwa masikio yangu, mbwa ni shahidi. Linabaki hapa kwenye kivuli. Wewe utalifuata."

Irene alimtazama baba yake. Kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Nije na watoto?"

"Bakuli kubwa hivyo ni la mtu mmoja?"

Mama yao alianza kucheka, na machozi yakamtoka, na mabinti wote wakaanza kuongea kwa pamoja.

Mwezi wa kumi na moja uzito wa bakuli la saba ulisimama. Abel alilimaliza kwa siku mbili. Irene alikuja na watoto watatu, akakaa siku tisa. Alinyweshwa maziwa katika bakuli lake, na halikuvuja.

Siku ya tatu ya ziara hiyo, Abel alikuwa anapaka nta kwenye ncha za gogo jipya, lililokatwa asubuhi hiyo hiyo. Aliona mwanamke anakuja na bakuli kwapani. Alikuwa Angela, binti mkubwa wa Mzee Gidahosh, aliyekuja kumwona Irene.

"Fundi, habari ya mashine yako. Hili langu nina wasiwasi nalo. Hebu lipime."

Abel alileta mizani. Alilipima. Alisoma uzito alioandika kwenye daftari lake mwezi wa nane, bakuli lilipokamilika.

"Halijabadilika hata kidogo, dada. Limekauka kabisa."

"Una uhakika?"

"Mizani haidanganywi."

Angela alilichukua bakuli lake, akalifuta kwa kanga.

"Basi nitakaa nalo kwanza kwa mama siku chache," alisema. "Huenda likabadilika."